UZI: Seven Samurai (1954): dunia nzima imewakopi wale saba, wakulima ikawaacha shambani

Kiti cha Nyuma (mwanzisha uzi)

Wakuu, kwema?

Kuna muvi ya Kijapani, nyeusi na nyeupe, ya mwaka 1954, ambayo wengi wenu mmeshaiangalia bila kuiangalia. Mmeiona ikiwa imevaa kofia ya kauboi kule Meksiko. Mmeiona ikiongea Kihindi na Amitabh yumo ndani. Watoto wenu wameiona kwenye katuni ya wadudu. Siku hizi imepanda mpaka kwenye vyombo vya anga. Inaitwa Seven Samurai, mwongozaji Akira Kurosawa, kampuni Toho, urefu dakika 207. Ndiyo, saa tatu na nusu kasoro dakika chache. Andaa chai kabisa.

Nitashusha kwa vipande, mkiona kimya mjue natafuta chaji. Hoja naiweka mezani mapema ili anayetaka kubisha ajipange: sinema za dunia zilichukua hapa kile kilicho rahisi kubeba, yaani watu saba wenye silaha. Kile kizito, yaani wale wakulima, karibu wote walikiacha. Na ukweli ni kwamba muvi yenyewe ni ya wakulima.

Kisa ni hiki. Mwaka ni 1586, Japani imechakaa kwa vita. Majambazi wa farasi, 40 kwa idadi, wanasimama juu ya kilima na kukitazama kijiji. Mmoja anataka washuke wavamie sasa hivi. Mkubwa wao anakataa: mpunga tuliwakomba juzi tu, hawana kitu, tusubiri shayiri iive ndio turudi. Wanaondoka. Hapo ndipo kifurushi cha kuni kinainuka kutoka majanini, kumbe chini yake kuna mkulima aliyekuwa amejibanza akisikia kila neno.

Kijiji kinakaa kikao, vilio kila kona. Wengine wanataka wapigane, wengine wanataka wapige magoti. Wanakwenda kwa mzee wao anayeishi kwenye kinu cha maji, naye anawaambia watafute samurai, yaani wapiganaji wa upanga, wa kuwalinda. Wanamuuliza samurai gani atakubali kupigania watu wasio na pesa wala cheo cha kumpa. Jibu la mzee: tafuteni wenye njaa.

Basi muvi yote imetoka kwenye hilo jibu. Endelea chini.

Kapteni Kobe

Mkuu saa tatu na nusu bila rangi? Mimi muvi ya dakika 90 nalala nusu. Tupe muhtasari tu, nani anakufa.

Kiti cha Nyuma

@Kapteni Kobe wanakufa wanne kati ya saba, na nitakuja kwenye namna wanavyokufa maana hapo kuna jambo kubwa. Tulia kwanza.

Kipande cha pili: bakuli la wali.

Wakulima wanne wanaingia mjini kutafuta samurai. Wanafikia kwenye nyumba ya wageni ya hovyo kabisa, wamebanana na vibarua wacheza kamari wanaowacheka usiku kucha. Mchele waliokuja nao ndio mshahara wote wa samurai, maana wao wenyewe wanakula uwele. Halafu mchele unaibiwa. Kuna picha pale ya karibu, mkulima aitwaye Yohei anaokota punje zilizobaki sakafuni, moja moja, kwa ncha za vidole. Kurosawa hana haraka. Anakuacha utazame kila punje.

Baadaye wanampata Kambei, samurai mzee asiye na bwana, kaigizwa na Takashi Shimura. Anawasikiliza, anapiga hesabu kichwani, anaona watahitajika watu saba, anakataa. Haiwezekani. Sasa mmoja wa wale vibarua walevi, waliokuwa wakiwacheka wakulima siku zote, ndiye anayelipuka. Anaushika ule wali, anamsogezea Kambei usoni na kumwambia kwa hasira: unaona hiki? Hiki ni chako. Unajua hawa wajinga wanakula nini? Uwele!

Kambei anaushika, anautazama. Anasema chakula hiki hakitapotea bure.

Ameingia kazini hapo hapo. Hakuna hotuba ya uzalendo, hakuna "walimuua mdogo wangu". Ni bakuli la wali lililotoka mdomoni mwa mtu mwingine. Niambieni muvi gani ya mapigano mnayoijua ambapo stelingi anakubali kazi kwa sababu hiyo.

Mtoto wa Upanga

Nimeweka kambi hapa mkuu.

Ila kwenye Kihindi naomba nikusaidie, unaizungumzia Sholay. Sisi tuliokulia kwenye nyumba zenye deki, Sholay ilikuwa kama ada. Ilitoka tarehe 15 Agosti 1975, kaiongoza Ramesh Sippy, wameandika Salim na Javed. Pale Bombay ilikaa ukumbi wa Minerva zaidi ya miaka mitano. Wahindi walitengeneza hadi santuri za maneno tupu ya kwenye muvi, watu wanakaa nyumbani wanamsikiliza Gabbar Singh, yule jambazi mkuu, akiongea. Marehemu mzee wangu alikuwa anayajua maneno ya Gabbar na Kihindi chenyewe hajui.

Sasa ukiniambia imetoka Japani naona kama unanivunjia nyumba.

Kiti cha Nyuma

@Mtoto wa Upanga nyumba yako iko salama mkuu, Sholay ni kubwa kwa haki yake. Imechota pia kwa Sergio Leone, yule Mtaliano wa muvi za kauboi, na kwa kauboi wengine. Ila utazame mifupa: kijiji, majambazi wanaokuja kudai nafaka, watu wa nje wanaokodiwa kuja kupigana, mmoja wao anafia huko huko.

Tofauti ni nani anayekodi, na hapo ndipo hoja yangu inaposimama. Kwenye Sholay anayekodi ni Thakur, mwenye ardhi, mtu aliyekuwa polisi, aliyeuliwa familia na kukatwa mikono na Gabbar. Ana kisasi na ana pesa. Kijiji cha Ramgarh kipo nyuma yake kama pazia. Wale wanakijiji unamkumbuka nani kwa jina, ukimtoa Basanti na yule imamu kipofu? Kwenye Seven Samurai nikikuamsha usiku wa manane utanitajia Rikichi ambaye mkewe alichukuliwa, Manzo anayemkata bintiye nywele kwa nguvu ili aonekane mvulana, asije akatongozwa na samurai, na Yohei mwenye uso kama mtu aliyezaliwa akiomba radhi.

Hilo halikuja kwa bahati. Kabla ya kupiga picha Kurosawa aliandika orodha ya kijiji kizima, familia kwa familia, nani mume wa nani na mtoto wa nani, na waigizaji wa pembeni wakaambiwa waishi hivyo hivyo kwenye seti. Ndiyo maana watu wakikimbia kwenye ile muvi huoni kundi tu, unaona nyumba fulani imekimbia na nyumba fulani imebaki.

Nairobi Kumi na Moja

Nyinyi watu wa Bongo mnapenda kurukia Wahindi, na The Magnificent Seven je? 1960, John Sturges, Yul Brynner, Steve McQueen, Charles Bronson, na ule muziki wa Elmer Bernstein. Hao hawakuiba, walisema wazi kwamba wanairudia ile ya Kijapani. Na usiseme waliwasahau wakulima. Kuna pale Bronson anawachapa watoto walioita baba zao waoga, anawaambia kubeba mzigo wa familia kunataka ushujaa kuliko kubeba bunduki. Na Chico, kijana wao, anamuuliza Chris, mkubwa wao, nani aliyetufanya tukawa hivi, kama si watu wenye bunduki kama wewe. Ulipitiwa hapo?

Kiti cha Nyuma

@Nairobi Kumi na Moja sikupitiwa, nilikuwa nakungoja wewe. Kwanza kituko kimoja: ile ya Kijapani ilipoingia Marekani mwaka 1956, ikiwa imekatwakatwa, iliuzwa kwa jina hilo hilo la The Magnificent Seven. Mtoto kamrithi baba hadi jina.

Sasa huyo Chico. Wamarekani walichukua samurai wawili wakawafanya mtu mmoja. Walimchukua Katsushiro, kijana mdogo anayepapatikia upanga na kupenda binti wa kijijini, wakamchanganya na Kikuchiyo, yule kichaa aliyeigizwa na Toshiro Mifune. Ukiwachanganya hao umeua kitu.

Kikuchiyo si samurai. Ana upanga mrefu kuliko akili, ana karatasi ya ukoo aliyoiiba, na ukisoma tarehe zake anatakiwa awe na miaka 13. Siku moja anarudi kwa wenzake na shangwe, kabeba mavazi ya vita na mikuki aliyoikuta imefichwa nyumbani kwa Manzo. Anadhani watafurahi. Wale samurai wanaganda. Wanaelewa mara moja kwamba wakulima hawa waliwahi kuwaua samurai waliokuwa wanakimbia vita, wakawavua. Kyuzo, yule mpiga upanga mtulivu kuliko wote, anasema anatamani awaue wanakijiji wote.

Ndipo Mifune anapowageukia. Anawaambia: mlidhani wakulima ni malaika? Ni wajanja, wachoyo, waoga, waongo. Ukiwaambia wana mchele watasema hakuna, lakini wanacho, chimba chini ya sakafu utaukuta. Halafu anauliza nani aliyewafanya wawe wanyama hivyo. Ni nyinyi samurai. Mnachoma vijiji vyao, mnapora chakula chao, mnawafanyisha kazi, mnachukua wanawake wao, wakikataa mnaua. Wafanye nini?

Kimya. Kambei machozi yanamlengalenga. Anamuuliza swali moja tu: wewe umezaliwa na mkulima, sivyo?

Chico anasema maneno ya namna hiyo, nakupa haki yako. Lakini anayasema kwa watu wanaolipwa dola, kwenye nchi ambayo si yao, na hakuna mavazi ya maiti mkononi. Kwa Kurosawa, hawa waliokuja kuokoa ni watu wa tabaka lile lile lililochoma vijiji, na waliokuja kuokolewa wana damu yao mikononi. Bado wanapigana pamoja. Hilo ndilo lililoachwa njiani.

bibi_sinema

Jamani mnaongea kisa tu, mimi nahariri video za harusi hapa Tanga na naomba tuongee kamera. Nilisikia huyu mzee ndiye aliyeanza kutumia kamera nyingi kwa mpigo. Ni kweli au ni za vijiweni?

Kiti cha Nyuma

@bibi_sinema kwamba ndiye wa kwanza duniani, hapana, kamera nyingi zilikuwepo kabla yake. Ila aliifanya kuwa lugha yake, na kwenye muvi hii ndipo ilipoanzia.

Chukua pigano la mwisho. Mvua ya kutengenezwa inamwagika, uwanja wote tope, farasi wanateleza, watu wamevaa nguo nyepesi na ilikuwa majira ya baridi. Mambo ya namna hiyo huwezi kuyarudia mara nane. Akaweka kamera tatu zikipiga kwa wakati mmoja kutoka pembe tofauti, na lenzi ndefu. Wewe wa harusi unaelewa mara mbili: bibi harusi haangui kilio mara ya pili kwa ajili ya kamera yako. Mwigizaji naye hajui kamera ipi ndiyo itakayotumika, kwa hiyo anaacha kuigizia kamera. Lenzi ndefu inabana umbali, farasi aliye mbali anaonekana yuko juu ya mgongo wa mtu. Kisha mezani akaunganisha, akikata katikati ya mwendo wenyewe. Ukiangalia pigano lolote la leo linalokurusha huku na huko ila hupotei njia, huyo ni babu yake.

Na kutopotea njia ni somo jingine. Mapema kabisa Kambei anakizunguka kijiji na ramani mkononi. Magharibi tunajenga uzio. Kusini tunajaza maji mashambani. Mashariki tunang'oa daraja. Kaskazini tunaacha wazi makusudi, maana ngome nzuri lazima iwe na pengo la kumvutia adui, aingie mmoja au wawili tuwafungie. Halafu ana karatasi yenye viduara, kila kiduara jambazi mmoja, akifa anakipiga alama. Kwa hiyo mtazamaji muda wote anajua wamebaki wangapi na watatokea wapi. Muvi za wizi wa benki ambapo wanakaa mezani kupanga, magemu ya kulinda kituo, vyote vinakula hapo.

La tatu ni kifo cha polepole. Mwanzoni kuna mwizi amejifungia kibandani na mtoto aliyemteka. Kambei ananyoa nywele zake za heshima, anaazima joho la mtawa, anaomba vitonge viwili vya wali, anamrushia mwizi, kisha anazama ndani. Hatuoni pigano. Tunaona mwizi akitoka nje, mwendo umepunguzwa, anasimama juu ya vidole vya miguu, halafu anaanguka chini vumbi likitimka. Mwongozaji wa Kimarekani Sam Peckinpah aliibeba hiyo akaijaza damu kwenye The Wild Bunch ya mwaka 1969. Kuanzia hapo imekuwa mali ya umma.

Na huo ufunguzi wenyewe, wa kumleta stelingi kwa kituko kidogo kisichohusiana na kisa kikuu ili tumjue ni mtu wa namna gani? James Bond ameishi kwa hiyo.

bibi_sinema

Asante. Ile ya "haangui kilio mara ya pili" naichukua, nitaiandika kwenye bei zangu 😂

Kapteni Kobe

Umeahidi wanavyokufa.

Kiti cha Nyuma

Nimekuja.

Sisi tumelelewa na vibanda umiza, sheria namba moja ni stelingi hafi. Akifa, afe mwisho, na afe kwa mkono wa adui mkubwa baada ya kupigana nusu saa. Hapa wanakufa wanne: Heihachi, Gorobei, Kyuzo, Kikuchiyo. Wote wanne kwa risasi. Hakuna hata samurai mmoja anayeuawa kwa upanga. Majambazi wana bunduki tatu tu, na hizo zinatosha.

Fikiria Kyuzo. Muvi imetumia saa tatu kukuonyesha kwamba hakuna binadamu atakayemshinda huyu kwa upanga. Usiku mmoja anakwenda peke yake gizani na kurudi na bunduki ya adui, anaitua chini kimya kimya na kwenda kulala. Kisha mtu aliyejificha kwenye nyumba ya wanawake anabonyeza chuma, na ustadi wa maisha mazima unaanguka topeni. Kikuchiyo anapigwa na bunduki hiyo hiyo, anamfuata mpigaji, anamuua, ndipo na yeye anakata roho.

Kurosawa, ambaye ukoo wake mwenyewe ni wa samurai, anakwambia watu hawa muda wao umekwisha na hawakushindwa na mtu bora kuliko wao. The Magnificent Seven haiwezi kusema hivyo kwa sababu pale kila mtu ana bunduki tayari.

Mwisho wake mnaujua hata kama hamjaiona: wakulima wanapanda mpunga huku wanaimba na ngoma, waliobaki hai wamesimama chini ya makaburi, hakuna anayewaangalia. Kambei anasema tumeshindwa tena, ushindi ni wa wakulima. Wamarekani waliunukuu mstari huo. Lakini kule yule kijana Chico anabaki na binti, moyo unapoa. Huku binti anampita Katsushiro na kuingia shambani, ana mpunga wa kupanda.

Mama Junior wa Morogoro

Mimi nimeletwa na hiyo katuni ya wadudu mliyoitaja. Ni A Bug's Life? Watoto wangu waliimaliza sidii.

Kiti cha Nyuma

@Mama Junior ndiyo yenyewe, Pixar, 1998. Sisimizi wanakusanya chakula, panzi wanakuja kukichukua kila msimu, sisimizi mmoja anakwenda mjini kutafuta mashujaa, anarudi na wasanii wa sarakasi bila kujua.

Na mtanishangaa: kwa maoni yangu hiyo ndiyo kopi iliyomwelewa Kurosawa kuliko zote. Mkubwa wa panzi anawaambia wenzake wazi kwamba chakula si shida, shida ni sisimizi wakigundua wako wengi kuliko sisi. Wanaoamua vita ni wenye shamba. Ile The Magnificent Seven iliyorudiwa 2016 na Denzel Washington ina risasi mara kumi na haina sentensi moja yenye uzito huo. Ile sehemu ya nne ya tamthilia ya anga The Mandalorian, 2019, angalau iliwaweka wanakijiji mstari wa mbele na mikuki yao ya miti. Rebel Moon ya 2023, nayo ya anga, sitaki kuizungumzia.

Nairobi Kumi na Moja

Rebel Moon usiitaje, tuheshimiane. Lakini na wewe unamtukuza sana huyu mzee. Mwenyewe alikuwa anamhusudu John Ford na kauboi zake. Kwa hiyo kauboi walikopa kwa mtu aliyekopa kwa kauboi.

Kiti cha Nyuma

Kweli tupu, na sioni aibu hapo. Alichukua upeo, farasi na upepo kwa Ford, akaweka juu yake wali na uwele. Tatizo langu si kukopa. Mwaka 2018 BBC iliwauliza wakosoaji 209 kutoka nchi 43 kuhusu filamu bora zisizo za Kiingereza, hii ikashika namba moja. Haikushika kwa sababu ya upanga.

Mtoto wa Upanga

Mkuu naitafuta wikiendi hii. Niitafute ipi, maana umesema kuna iliyokatwa?

Kiti cha Nyuma

Hakikisha ni dakika 207. Ukikuta chini ya saa tatu, achana nayo, imekatwa, na usikubali kuikosa sehemu ya kwanza ambayo ndiyo tamu, kule mjini na wali. Ina mapumziko katikati yaliyowekwa na Kurosawa mwenyewe, hapo ndipo uende kuongeza chai. Maandishi ya chini yapo ya Kiingereza. DJ wa kuitafsiri kwa Kiswahili sijamwona, na anayeijua vizuri namwomba ajitokeze, pesa iko hapo.

Ukiipenda, inayofuata ni Yojimbo ya 1961. Hiyo Sergio Leone aliigeuza kuwa A Fistful of Dollars mwaka 1964 bila kuomba ruhusa, Toho wakampeleka mahakamani, na yakaisha kwa Wajapani kupewa asilimia 15 ya mapato.

Kapteni Kobe

Asilimia 15 ya Clint Eastwood! Haya, naiangalia yote. Nikilala tutaonana humu humu.